Nafasi Yenye Plagi

Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, gari haliachwi nje hivi hivi wakati wa baridi. Lina waya mfupi unaochungulia mbele, unauchomeka kwenye plagi ya umeme ili injini isigande. Usipofanya hivyo, jioni unalikuta limekufa. Kiwanda chetu cha madirisha kilikuwa na plagi moja tu nje, kando ya mlango, na hapo ndipo walipoweka kibao cha Mfanyakazi Bora wa Mwezi; mwenye jina lake kwenye kibao ndiye anayeegesha hapo mwezi mzima. Sisi wengine tuliegesha nyuma ya ghala, kwenye uwanja wa barafu tupu. Saa ya chakula, badala ya kula kama watu, tulikwenda kuwasha magari yetu, tukakaa ndani yakiunguruma huku tunatafuna mkate na glavu mikononi.

Ardis Halvorson aliitaka nafasi ile kuliko sisi sote. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha, anatembea ameegemea upande mmoja, na kule nyuma alikuwa ameshaanguka zaidi ya alivyokubali kusema. Si mtu wa kulalamika. Lakini Trent, mkuu wa utumishi tuliyeletewa kutoka mji mkubwa, alipotuita ofisini mmoja mmoja kutuuliza ni kitu gani kingetupa moyo wa kazi, Ardis alimjibu ukweli mtupu.

"Nipe ile nafasi ya mlangoni," alimwambia. "Sina haja ya kingine."

"Ni yako," Trent akamjibu huku anatabasamu. "Ifanyie kazi tu."

Maskini, akaifanyia kazi. Ardis alikuwa mzibaji. Vioo viwili vinapangwa sambamba, unapitisha bunduki ya gundi ukingoni kote, na kwenye kona ndipo watu wanapoumbuka. Kona ikibaki na kipovu, hata kidogo, dirisha litaota ukungu ndani na mteja atalirudisha. Kona za Ardis hazikuwahi kurudishwa. Akaanza kuziba haraka kuliko zamani, akawa anajibana haendi hata msalani. Akafundisha wageni bila kuombwa, akiwashika mikono kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Mwezi ukiisha, kibao anapewa mwingine. Mara jamaa wa ghalani. Mara dada wa mapokezi, ambaye hana gari, huletwa na mumewe.

Kila mara Trent alipita kwenye meza ya Ardis na kumgusa bega. "Umekaribia sana, Ardis. Umekaribia sana."

"Haya," Ardis anasema, na anaongeza mwendo.

Nilimwambia mimi. "Ardis, huyu kijana anakuchezea."

"Noreen, wewe huna imani na mtu yeyote."

"Nina imani na nyonga yako. Hiyo haijawahi kudanganya."

Akacheka, akaendelea kuziba. Theluji ikayeyuka, tukavua samaki, tukawinda paa, theluji ikarudi, na Ardis bado anaburuta mguu kutoka nyuma ya ghala.

Kisha ikaja semina. Trent alipenda semina kuliko chakula. Alitukusanya kantini, akatupa maandazi matamu ya dukani, akawasha picha ukutani na kuanza kutueleza habari za motisha na jinsi binadamu anavyojifunza kazini. Mtu hujifunza kwa zawadi, alisema, lakini siri iko hapa: zawadi ikishatolewa, nguvu yake imekwisha.

"Nina mfano hapa hapa kwetu," alisema. "Jina silitaji. Kuna mfanyakazi anayetaka kitu kimoja kidogo, hakitugharimu chochote. Hebu tazameni." Ukutani kukatokea mstari unaopanda kama ngazi ya darini. "Kazi yake imepanda hivi. Anafundisha wenzake bila malipo. Na mimi nilichofanya ni kimoja tu. Sikumpa."

Watu waliacha kutafuna. Kila mmoja alijua ni nani, na kila mmoja alitazama andazi lake. Trent hakuwa na haya hata chembe. Mimi naamini alidhani anamsifu.

Ardis akanyoosha mkono. "Na ukimpa?"

"Ukimpa anatulia. Nyinyi wavuvi mnalijua hili kuliko mimi. Samaki aliyeshiba hafuati chambo."

"Na kama yeye mwenyewe akijua kwamba hutampa?"

"Ah, hilo hawezi kulijua," Trent alisema, na hapo ndipo alipomwona anayemuuliza. Rangi ikampanda mpaka masikioni. Akabonyeza picha nyingine haraka, ya watu wameshikana mikono mlimani.

"Asante," Ardis alisema. "Nimejifunza."

Kesho yake aliziba kwa mwendo wa kawaida, vizuri kama siku zote, ila hakumfundisha mtu. Na zilikuwa siku mbaya za kutofundisha, maana tulikuwa tumepata kazi kubwa ya madirisha ya shule, na wageni walikuwa wameajiriwa kwa majaribio. Asiyeweza kuziba kona mpaka majaribio yaishe, anakwenda zake. Kati yao alikuwemo Brenna, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza. Ana mtoto mchanga na hana mtu mwingine, na hapa mjini ukikosa kiwanda umebakiwa na kuchoma soseji kwenye kituo cha mafuta.

Trent akaja kwenye meza ya Ardis, safari hii hakumgusa bega. "Ardis, wageni wanaharibu vioo. Wasaidie basi."

"Mimi nimeajiriwa kuziba. Kufundisha nilikuwa nafanya kwa mapenzi yangu."

"Unataka nini?"

"Si ulitufundisha mwenyewe? Unajua ninachotaka."

Mwezi ulipoanza, jina la Ardis lilikuwa kwenye kibao. Aliingia na lile gari lake kuukuu, akachomeka waya, akatembea hatua chache tu mpaka mlangoni, mkavu, hajachechemea sana. Trent alikuwa anamsubiri ndani na kikombe cha kahawa amemshikia.

"Sasa utawafundisha?"

Ardis akapokea kahawa. Akamgusa bega. "Umekaribia sana, Trent."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ukumbi mzima ulicheka, hata wale ambao huwa hawacheki mpaka msimamizi acheke kwanza. Ilikuwa tamu, sisemi uongo. Ni Brenna peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama na bunduki ya gundi mkononi anatazama kona ya kioo chake, na kwenye kona kulikuwa na kipovu.

Ardis hakuwanyima kila kitu. Aliwaonyesha namna ya kushika bunduki, siku nyingine namna ya kufuta ukingo. Akitoa hiki kidogo, Trent anamwongezea mwezi mwingine kwenye kibao. Siri ya kona hakuitoa. Mimi hupiga misumari kwenye fremu, gundi siijui. Nilimfuata Ardis kantini. Sasa alikuwa anakula ndani, chakula cha moto, mezani.

"Ardis, nakuomba. Mfundishe huyu mtoto kona."

"Anaendelea vizuri."

"Haendelei. Majaribio yanaisha."

Akaweka kijiko chini. "Noreen, nikiitoa kona, nina nini tena? Atajua Brenna, watajua wenzake, na mwezi ujao niko kule nyuma. Umemsikia mwenyewe anavyofikiri. Ulikuwepo."

"Brenna hajakukosea."

"Mimi nilikuwa nimemkosea nani?"

Nilimchukia kwa swali hilo. Nikaenda kwa Trent. Nikamwambia amwandikie Ardis ile nafasi iwe yake moja kwa moja, mpaka atakapostaafu, mambo yaishe. Alinitazama kama mtu aliyeombwa azime taa za mji mzima.

"Nikimpa moja kwa moja," alisema, "ataacha kabisa kujitahidi."

Huyo alikuwa na mstari wake ukutani na hakuna ambacho kingemtoa. Majaribio yakaisha, na Brenna alifukuzwa saa ya chakula. Trent alimfukuza kwa upole, akamsogezea boksi la karatasi za kufutia machozi na kumwambia kwamba kila kushindwa ni kujifunza.

Nilimsindikiza nyuma ya ghala. Upepo ulikuwa unakata uso. Brenna akazungusha ufunguo na gari likakohoa, likanyamaza. Hakuwa amekula mchana wala kutoka kuliwasha, maana alikuwa ndani anafukuzwa. Langu nalo nililijaribu, likawa limekufa vilevile. Tukasimama pale kama wajinga, naye sasa analia waziwazi.

Ndipo likaja gari la Ardis, la moto, limetoka mlangoni. Akateremka taratibu na nyaya zake, akaziunganisha betri kwa betri bila kuambiwa. Gari la Brenna likawaka mara moja.

"Asante, mama," Brenna alisema. Kweli alisema hivyo.

Ardis alikunja nyaya, akasita. "Kwenye kona unasimama," alimwambia. "Wote mnasimama, ndipo kipovu kinapoingia. Usisimame. Zungusha kiwiko, mkono upite." Akaonyesha hewani, mara moja, na glavu yake.

Brenna akajaribu hewani. Kiwiko chake kilizunguka vizuri tu.

"Ni hilo tu?" aliuliza.

"Hilo tu, mwanangu."

Kisha akaliwasha langu, akarudisha gari lake mlangoni, akachomeka waya na kuingia ndani kumalizia chakula chake.