Makanisa ya Dar es Salaam Katika Shamba la Anaeli

Aminieli alikuwa mwana wa Sumari, mwana wa Sakaya, watu waliofyeka msitu wa mashariki ya Meru na kupanda migomba kwa mikono yao wenyewe. Hakuna baraza la wazee lililowahi kuketi kwa sababu ya wizi au uongo wao. Kwa hiyo, mwaka 1912, shule ya misheni ilipotaka kumpeleka mwanafunzi mmoja Dar es Salaam kuyatazama makanisa ya mji mkuu, Aminieli, aliyeongoza mtihani, aliifua kanzu yake mapema.

Akapelekwa Thomasi. Baba yake alikuwa nyapara wa bomani Arusha, na Mchungaji alihitaji watu wa kubeba chokaa. Mwenye kupelekwa angesimulia aliyoyaona mbele ya usharika, kisha angepewa ualimu. Hayo yote yalitangazwa kwa pumzi moja, na Aminieli akaagizwa kulibeba sanduku la Thomasi hadi njia ya Moshi.

Tangu siku hiyo chakula hakikuwa na ladha kinywani mwake. Akichota maji, aliwaza: leo Thomasi amepanda gari moshi. Akikata majani ya ng'ombe: leo yumo melini, ametoka Tanga. Hakumwombea ajali, kwa kuwa alilelewa vyema. Alimwombea mvua, ili viatu vyake vipya viharibike.

Alhamisi moja, kabla umande haujakauka, makanisa mawili ya Dar es Salaam yalikuwa yamesimama katika shamba la mama yake, Anaeli. La Walutheri lilikuwa kati ya migomba, la Wakatoliki juu ya maharage. Kuta zilikuwa na chumvi, na kaa wadogo walitembea kwenye vidato vya ngazi. Anaeli aliuliza kama yataondoka kabla ya palizi ya pili, kisha akaenda kukamua.

Aminieli alivaa kanzu, akatazama kwa utaratibu. Alipima kuta kwa hatua, akahesabu madirisha, akapanda mnara, akaandika yote katika daftari. Aliposhuka alikula ndizi, akausikia utamu wake.

Saa nane mchana mlango wa kanisa la pili ulifunguliwa, akatoka Thomasi. Alikuwa ametazama bandari asubuhi nzima, akaingia humo kwa mlango wa upande wa bahari ili kupumzika, akasinzia kwenye benchi.

"Nimesafiri siku kumi na moja," alisema, "nimetokea kwenye maharage ya mama yako."

"Na umeyakanyaga."

"Kanisa ndilo lililoyakanyaga. Mimi nimemalizia tu."

Aminieli hakumkaribisha ndani. Aliviangalia viatu vile. Havikuwa na tope hata kidogo. Thomasi alikwenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akamletea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Kwa Wameru, anayeletewa isale halikatai, hata kama aliyelileta amemuulia ndugu. Aminieli alidhani mwenzake anataka kuungama habari ya mtihani, na moyo wake ukalegea kwa furaha ya kuombwa radhi. Akalipokea kabla ya kuuliza linaombea nini.

"Naomba daftari lako," alisema Thomasi. "Mimi niliziona meli tu."

"Nilidhani ni mambo ya mtihani."

"Ya mtihani baba aliyamaliza. Ndugu yangu, jani umekwisha kulipokea."

Anaeli, aliyesimama karibu na kibuyu cha maziwa, alisema ni kweli, ameona. Daftari likatolewa. Thomasi alimuaga mama kwa heshima, akarudi ndani ya kanisa, akafunga mlango. Kabla ya jioni makanisa yaliondoka, yakaacha maharage yamelala na kaa watatu, ambao waliliwa na kuku.

Baada ya wiki tatu Thomasi alisimama mbele ya usharika akasoma, na alisoma vizuri. Aminieli, katika benchi la nyuma, aliyasikia madirisha yake yakihesabiwa kwa sauti ya mtu mwingine, na kila hesabu ilikuwa sahihi. Mchungaji akamkabidhi Thomasi ufunguo wa shule. Miaka iliyofuata, watoto wa Aminieli walifundishwa hesabu na Thomasi, na baba yao hakuweza kuwaambia kwamba mwalimu wao anakosea, kwa maana hakukosea.

Vijana, lishikeni neno hili: mtu akija kwenu ameinamisha kichwa, muulizeni shauri lake kwanza. Mkono ufuate baadaye.