Majina Ndani ya Mashini ya Bertin

Unapita pale kwa Bertin kila siku, unageuza uso. Usiniambie hukuona. Mwaka wa tisini na tatu, walipofukuzwa watu wa Kasai huku kwetu, uligeuza uso vilevile, na majirani zako wanalala stesheni juu ya magodoro yao wakingoja treni. Mimi sisahau.

Mzee Mukendi alipanda treni mojawapo. Binti yake Mwadi alibaki, kwa kuwa mumewe ni mtu wa hapa Likasi. Tangu siku ile swali lake ni moja: baba yu hai?

Jibu alilitafuta kwenye uwanja wa Bertin, nyuma ya soko. Bertin alikuwa na foni, redio ile ya kuongea na miji ya mbali. Unajua ilivyokuwa. Tulikaa chini alasiri, sauti ikatoka Kamina au Mbuji-Mayi ikipaaza jina la mtu, uwanja mzima ukasikia. Mwenye jina asipokuwepo, jirani yake alimpelekea habari kabla hajala. Na hatukuuliza. Kuuliza kama kuna habari yako ni kukiita kilio nyumbani. Mtu alikaa, akangoja kuitwa.

Mwaka huu, Zaire imekwisha kugeuka Kongo, Bertin akaleta ordinatere, yaani kompyuta. Akaiunga na redio, na maneno yakaanza kufika yameandikwa, hata mvua ikipiga. Sikatai, ni kitu kizuri. Foni ilikuwa inameza nusu ya maneno.

"Sasa habari ya muntu ni ya muntu," Bertin alitutangazia. "Banyinyi ba kusikilizaka mambo ya benzenu, kazi yenu imeisha!"

"Na weye utaishi namna gani bila kusikia mambo ya bibi ya bantu?" akajibu Orpha, muuza mikate wa pale mlangoni. Tulicheka sana.

Mwadi aliendelea kuja. Alikaa mahali pake, mikono mapajani, akangoja. Mashini haikupaaza jina lolote. Jioni alirudi nyumbani akijiambia: basi, hakuna.

Juzi Orpha alimpelekea Bertin mkate ndani, akaliona jina kwenye kioo. Akatoka mbio.

"Mama Mwadi! Juu ya nini unaacha habari yako inaoza mu mashini?"

"Habari gani? Habakuniita."

"Mashini inaitaka bantu kwa sauti? Ingia!"

Bertin akasoma, sauti ikimpungua kadiri alivyosoma: "Niko Kamina, kwenye stesheni. Macho yangu yamekufa. Peke yangu siwezi kupanda treni ya kurudi. Mtume mtu anishike mkono. Baba yako, Mukendi."

Maneno hayo yalikuwa mle tangu mwezi uliopita.

"Yaya, dada yangu, mi nilizania unajua," Bertin akasema. "Unakuyaka kila siku, hauulize."

"Na nani anaulizaka?"

Mwadi hakulia. Alimwomba awashe foni ya zamani. Bertin akapaaza jina la Mukendi hadi Kamina, ambako uwanja wao bado unasikiliza. Mwanamke tusiyemjua akajibu: yule mzee kipofu wa stesheni? Ngojeni. Tulingoja. Kisha ikaja sauti nyembamba, imejaa mikwaruzo.

"Mwadi?"

"Papa."

"Unakawia sana, mwanangu. Ulikuwa unapika nini?"

Hapo ndipo Mwadi alipolia, akicheka. Kesho yake alipanda treni kwenda kumchukua. Yule mwanamke amemlaza mzee nyumbani kwake mpaka binti afike.

Lakini mle ndani yamebaki majina mengine. Nimeyaona kwa macho yangu: Viviane wa Kambove, Blaise wa njia ya Koni, na wengine wengi. Nilimwomba Bertin ayapaaze. Amekataa, eti siri za watu. Siri iwe siri, lakini jina ni la kuitwa!

Na wewe bado umekaa, unasoma. Inuka. Nenda kwa Bertin leo, kabla hajafunga. Uliza jina lako, uliza la jirani yako, wala usiogope kilio. Simama mlangoni pake, usiondoke mpaka majina yote yasomwe kwa sauti, uwanja usikie. Nenda sasa.