Mama Vipande

“Klo-pro-pa-maidi,” Dzigbodi alisoma, akikigonga kichupa kwa ukucha kila silabi. “Akpene, hii siyo dawa ya kwikwi. Hii inashusha sukari!”

Kitandani, Mzee Agbeko alikuwa ameloa jasho, anamwita mkewe aliyekwisha kufa. Kwikwi iliyomtesa siku tatu ilikuwa bado inamrusha mabega, lakini macho yake hayakumwona mtu. Dzigbodi alikimbilia glukosi. Mimi nilibaki nimeshikilia chuma cha kitanda.

Asubuhi ile ndimi niliyepiga simu stoo ya dawa. Tulikuwa wanafunzi wa uuguzi katika mji wa Ho, mwaka wa pili, na mkufunzi alituamuru tuyakate majina marefu ya Kiingereza silabi kwa silabi, hasa kwenye simu. Dzigbodi, aliyekuja chuoni akiwa tayari na watoto wawili, aliyakata hata akiwa anafua. Nilimwigiza bwenini, wenzangu wakacheka mpaka machozi. “Mama Vipande,” nilimwita. Mimi nilisoma kwa mkupuo, kwa lafudhi ya watangazaji wa redio. Nilitaka klo-pro-ma-zini, dawa ya kwikwi, nikaimeza katikati, na aliyepokea akasikia alichosikia. Kichupa kilipofika, muuguzi wa zamu akaniamini, akampa mzee vidonge.

Mchana matroni alitupanga ukutani.

“Nani alipiga simu?”

Mzee alikuwa ameshazinduka, anaomba uji. Hakuna aliyekufa. Ningeweza kusema ukweli.

“Dzigbodi,” nikasema. “Si mnajua anavyosoma, Mama.”

Mtu akaachia kicheko. Hicho ndicho kilichomhukumu, kicheko nilichokipanda mwenyewe.

“Si mimi, Mama,” Dzigbodi alisema. Hakuapa, hakunitaja. Alirudishwa nyuma mwaka mzima. Jioni nilimwona akikunja godoro lake, nikajifanya natafuta viatu chini ya kitanda.

Miaka kumi na tisa ilipita kabla sijapanda gari kwenda kwenye zahanati yake, karibu na Kpando. Nilimkuta akimwelekeza mama mmoja dozi ya mwanawe, polepole, mama akirudia.

“Dada Dzigbodi,” nikasema, “ile simu…”

“Nilijua siku ileile.” Hakuinua macho. “Kaa kwenye benchi. Kuna watu wamekutangulia.”

Nikakaa. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyeniuliza naumwa nini.