Benchi la Katikati

Barazani pa zahanati yetu ya misheni hapa Bariadi palikuwa na mabenchi mawili: wanaume kushoto, wanawake kulia. Mimi ndiye niliyepokea wagonjwa na kuwapanga kumwona daktari. Utaratibu huo niliukuta, nikauacha.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, tulimpata pia Daktari Wilhelmina, aliyetoka Mwanza mara moja kwa mwezi kuwaona vijana wenye shida za kukua mwili. Niliyemwombea zaidi alikuwa Sayi. Mama yake, Veronica, alininong'oneza dirishani: mkunga alisema ni binti, wakamlea hivyo. Sasa sauti imekuwa nzito, ndevu zinachomoza, na mwenyewe anasema yeye ni mvulana, anajijua tangu mdogo. Lakini mchumba ameshakuja, na ng'ombe wa mahari wataletwa pamba ikishauzwa, baada ya ziara hii ya daktari na kabla hajarudi tena.

"Baba yake, Bujiku, amesema daktari akimweleza, atawazuia wenye ng'ombe," Veronica alisema. "Asipoelezwa, harusi ipo."

Siku ya daktari wakafika wote watatu. Bujiku akaketi kushoto, Veronica kulia. Sayi, ndani ya koti zito la mitumba na jua lote lile, akabaki amesimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaelekea getini. Mwezi uliopita pia alitoweka hivyo hivyo.

Nikatoka mbio. "Jamani, leo tunakaa kwa zamu ya kufika! Changanyikeni!"

Wakahama wakinung'unika. Mzee Luhaga hakuangalia anapokaa. Alipogeuka, akaruka kama aliyekalia siafu: ubavuni mwake alikuwa mama mkwe wake, mtu ambaye kwetu hata njiani unampisha kwa mbali. Bibi wa watu alikwishajifunika kanga mpaka usoni.

"Mama Kristofa!" akanigeukia. "Unataka nitozwe mbuzi wa faini?"

"Nisamehe, baba."

"Nilikuja na kikohozi, sasa nina homa juu yake!"

Baraza zima likacheka; hata ile kanga ikawa inatikisika.

Nikamrudisha kila mtu mahali pake. Halafu nikaingia kanisani, nikamwomba Mungu radhi, nikalikokota benchi la kwaya hadi katikati ya baraza.

"Hili la vijana. Wote."

Ndaki, msichana aliyeletwa kwa sababu hakuwa akirefuka, akawa wa kwanza kukaa. Nikamfuata Sayi getini.

"Mwangaluka, mwana wa Bujiku," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia chinichini, akiniita mama.

"Ndaki yuko peke yake pale, watu wanamkodolea macho. Nenda ukamsindikize."

Akasita. Kisha akaenda, akaketi. Baadaye kidogo nikaona amelivua lile koti, Ndaki analichunguza vifungo na kucheka.

Jina la Sayi lilipofika, nikawaingiza yeye na wazazi pamoja. Walikaa sana. Mimi huku rozari mkononi, huku naandika wengine.

Daktari akatoka kwanza. "Mama Kristofa, huyu mtafutie nafasi kwenye gari la misheni, aje Mwanza kwa vipimo. Mwili wake umezaliwa hivyo, si laana. Na tutamsikiliza mwenyewe."

"Nafasi ipo, daktari. Nilishamwekea."

Bujiku akapita, akasimama ngazini.

"Veronica, wewe unipitie kwa wale watu wa mahari kwanza. Wasiswage ng'ombe."

Akaliokota koti benchini, akalikung'uta vumbi, akamnyooshea mtoto wake.

"Shika koti lako, baba. Twende nyumbani."