Mwenye Hoteli Nyuma ya Mlango

Wakili alimwonya fundi seremala: asivunje kitu, asimtukane mtu. Ampe mwenye hoteli mkononi barua ya kudai malipo ya milango aliyomtengenezea. Asipolipa, waende mahakamani.

Mwenye hoteli alipomwona, akachomoka mbio na kujifungia chooni.

“Bosi kasafiri,” alisema karani, macho darini.

“Safari njema, dada. Mlango huo nimeuweka mimi jana. Kitasa hakina mkono kwa ndani; niliuacha dukani kwangu mpaka nilipwe.”

Mlango ukatikiswa. “Fundi, ndugu yangu, nifungulie!”

Fundi akafungua palepale. Mwenye hoteli akadondoka nje, mikono mbele, na fundi akamwekea barua kiganjani.

“Saini hapa kwamba umeipata, bosi.”

Akasaini, jasho likimtiririka. “Na mkono wa kitasa?”

“Unakuja na hela.”