Barua kwenye Joho la Askofu Évariste

Umeme ulikatika asubuhi, na Brigitte, fundi cherehani wa soko la wahamiaji la Yeoville, kusini mwa Afrika, akawasha pasi ya mkaa kama kawaida. Mezani palikuwa na koti jeupe la Pasta Évariste, la ibada ya Jumapili. Alilipiga pasi mgongoni, na barua ikajitokeza kwenye kitambaa kwa wino wa bluu, toka begani mpaka kiunoni.

"Mama, salamu sana. Huku ni mvua tu. Unitumie sabuni na soksi. Ni mimi mtoto wako, Cédric."

Denise, msusi wa kibanda cha pili, aliisoma bila kuachia kichwa cha mteja. "Mama Cédric iko pale kwenye sombe," akasema, akionyesha meza ya majani ya muhogo. "Mumuite."

Mama Cédric akaja, akafuta mikono, akasoma mara mbili. "Soksi nilituma," akaliambia koti, kisha akarudi kwenye sombe yake.

Hakuna aliyeuliza barua imetoka wapi. Kila Mkongo wa soko lile alijua kwamba kabla ya kuitwa na Mungu, Évariste alikuwa kamanda kule Kivu, na vijana wake walimkabidhi barua za nyumbani azipeleke mjini. Barua hazikufika. Vijana wengi nao hawakurudi, akiwemo Hénock, mwana wa pekee wa Brigitte. Mama na mwana waliachana kwa ugomvi, na tangu siku hiyo Brigitte alitaka kujua jambo moja tu: kama mwanawe aliwahi kumwandikia.

Pasta alipofuata koti lake, alilitazama kwa utulivu.

"Kuni za kule porini zilikuwa mubichi, mama," alisema. "Hizi barua njo ziliwasha moto. Utoe hii mambo mbele ya Jumapili."

Haikutoka. Pasta akalivaa hivyo hivyo, na barua ikamchoma. Waumini waliona moshi mwembamba ukimtoka mgongoni, wakasema ni upako. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mpaka barazani.

Brigitte hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia. Siku aliposikia kwamba koti linaunguza, alilala usingizi mnono. Akajitolea kumnyooshea Pasta nguo zote, mashati, suruali, hata vitambaa vya jasho, na watu wakamsifu kwa moyo wake. Barua zilitoka moja baada ya nyingine. Akina mama walizijibu pale pale mezani: ndiyo baba, mbuzi alizaa, hapana baba, dada yako hajaolewa. Kisha nguo zilirudi kwa mwenyewe zikaendelee na kazi. Ya Hénock haikuonekana.

Mwaka 2019 Évariste akachaguliwa kuwa askofu. Alikuja na kitambaa cha zambarau, shingo yake imejaa malengelenge.

"Unishonee joho. Lakini usipige pasi."

"Joho ya makunyanzi, Pasta? Mbele ya wageni matajiri wa Sandton?"

Évariste alifikiri. Moto aliuogopa, lakini kuchekwa aliogopa zaidi.

"Basi, piga," akasema.

Brigitte alilishona kwa vifungo vya mgongoni, ambavyo mvaaji hawezi kuvifikia mwenyewe. Alipolinyoosha kifuani, mwandiko ukatokea, na aliujua kabla ya kusoma jina.

"Mama, ni mimi Hénock. Hasira iliisha. Nikirudi nitakuomba musamaha kwa magoti. Kamanda ameahidi kukuletea hii barua yeye mwenyewe."

Brigitte alilia mpaka kitambaa kikalowa. Kisha akaongeza mkaa, akakikausha kwa pasi, polepole, herufi kwa herufi.

Siku ya kusimikwa alimvalisha kwa mikono yake, akafunga vifungo kuanzia kiunoni, cha shingoni kikawa cha mwisho. Askofu akaomba maji.

"Ibada inaisha saa ngapi?" Brigitte akauliza.

"Jioni."

"Basi nitakufungua jioni."

Kutwa nzima kwaya iliimba, moshi ukapanda, na watu walipanga mstari kubarikiwa na mkono wake. Jioni alimfungua. Askofu alishukuru, akaagiza joho lingine, jeusi, la kuzikia watu.

Brigitte akachukua futi, akampima upya, na shingoni akapunguza inchi moja.