Marijani Ndani ya Ndimu

Mtu akisifiwa sana kwa kazi yake, hufika siku akaanza kuitumikia sifa na kuisahau kazi. Ndivyo yalivyomkuta Juvenali, fundi wa bangili na pete pale Bukiriro, katika miaka ile ambayo kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa Ngara nzima. Alikuwa bingwa wa shaba. Hata Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao walimletea bangili zilizoingia weusi. Yeye alizilaza katika maji ya ndimu na chumvi, na kulipokucha zilitoka zikiwaka.

Siku moja alikuja Kankindi, mkimbizi kutoka Burundi, na pete ya fedha. Tangu akimbie kwao alikuwa ameishonea ndani ya pindo la kitenge, nayo ikapinda na kuwa nyeusi. Juu yake palikaa jiwe jekundu, bapa kwa chini, limevimba mviringo kwa juu, laini, bila pembe hata moja. Akamwambia ni marijani. Marehemu mumewe, dereva wa lori, aliinunua Dar es Salaam akamvika siku ya ndoa.

Akamweleza na shida yake. Katika kukimbia, bintiye Ineza alimponyoka mkononi kwenye msongamano, angali mdogo wa kubebwa. Sasa amesikia kwamba mama mmoja wa Murusagamba, Speciosa, aliokota mtoto wa kike katika migomba yake, akambatiza Magdalena na kumlea. Wanawake wengine walikwisha kwenda kumdai kwa uongo. Joan, mfanyakazi wa shirika lililoshughulikia watoto waliopotea, alimuuliza mtoto anakumbuka nini kwao. Hakukumbuka sura wala jina, ila pete ya mama yenye kitu chekundu kama buni iliyoiva. Basi Joan akasema mwenye pete hiyo na aje nayo.

"Ing'arishe, fundi," Kankindi alisema. "Aione kama alivyokuwa akiiona."

Juvenali hakuwahi kushika marijani maishani mwake. Mawe aliyoyajua ni ya mlimani, na jiwe la mlimani halijali ndimu. Marijani hujengwa na viumbe vidogo vya baharini, ni ndugu wa gamba la konokono, na kitu kichachu hulila. Angeweza kuuliza, lakini fundi mkubwa amuulize nani? Akailaza pete nzima bakulini pamoja na bangili za mteja wake Malongo.

Asubuhi fedha ilimeremeta. Jiwe lilikuwa limepauka kama ufizi wa mgonjwa, na ukilipapasa linakwaruza kama ukuta wa chokaa. Alilisugua kwa jivu, akalisugua kwa ngozi ya mbuzi, wala halikurudi. Siku yenyewe ya kwenda Murusagamba ilikuwa kesho yake.

Malongo alipofuata bangili zake alimkuta fundi ameinama, anakata mpini wa mswaki mwekundu.

"Fundi, siku hizi unatengeneza na meno?"

"Chukua bangili zako uende, bwana."

"Naenda. Ila ukimaliza huo mswaki, usisahau kuutilia na dawa yake."

Juvenali hakucheka. Aliipasha plastiki moto, akaivimbisha, akaisugua mpaka ikang'aa, akaipachika mahali pa jiwe. Ilipendeza kuliko jiwe lenyewe. Marijani iliyopauka aliifunga katika kitambaa akaitia mfukoni, akijiambia kuwa mtoto ataona wekundu, mama atapata mtoto, na hakuna atakayeumia.

Kesho yake gari la Joan lilipitia kwake. Kankindi aliivaa pete, akaitazama, machozi yakamlengalenga. Akamwomba fundi apande naye. "Sina ndugu huku," alisema. "Leo uwe wewe." Juvenali akapanda, mkono mfukoni juu ya kile kitambaa.

Speciosa aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, yeye akakaa mkekani na mtoto kifuani. Kankindi alinyoosha mkono. Mtoto akaiangalia pete kwa muda mrefu, akaivua kidoleni mwa Kankindi, akaiweka kwenye paji la uso wake. Kisha akairudisha.

"Si hii," alisema. "Ya mama ilikuwa baridi. Nikiumwa alikuwa ananiwekea hapa."

Speciosa alishusha pumzi. Joan akamtazama Kankindi kwa jicho ambalo bila shaka aliwatazamia wale waongo. Kankindi aliigusisha pete shavuni mwake, akaing'ata kidogo, kisha akamgeukia Juvenali. Hakumlaumu. Alimtazama tu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umevunjwa.

Juvenali akasimama. Akakiri yote, ndimu na mswaki, akafungua kitambaa.

"Nitajuaje kwamba hili ndilo?" Joan akamuuliza. "Umekuja na mawe mangapi, mzee?"

Sifa zake zote za Bukiriro hazikuwa na uzito wowote mle ndani, na aliyekuwa akilipa si yeye.

Mtoto alikuwa amekwisha kulichukua jiwe. Akaliweka pajini, akatulia. Kisha akalitazama, uso ukakunjamana. "Ni baridi," alisema. "Lakini limekufa."

Kankindi alilichukua polepole, akalitia kinywani, akalitoa. Likiwa na mate lilikuwa jekundu, jekundu kabisa, kama buni iliyosahauliwa juu ya mti. Mtoto akalisogelea kwa magoti, akatoka kifuani kwa Speciosa bila kujua ametoka. Hewa ikalikausha, likaanza kupauka machoni pake.

"Lirudishe," akasema.

Kankindi akalitia tena kinywani, lakini kwa hofu mdomo wake ulikuwa mkavu. Jiwe likatoka lilivyoingia. Joan aliangalia chini. Juvenali aliishikilia ile plastiki ngumini mpaka ikamuumiza.

Speciosa aliinuka. Alikwenda kwenye mtungi uliokuwa pembeni, akawapa mgongo, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga. Kisha akachota kikombe cha maji, akarudi, akakiweka chini mbele ya Kankindi, karibu na mkono wenye jiwe.